Nilichoma mwarobaini, nikabaki na unga mweupe

Kwetu kalamaini ilikaa juu ya kabati la vyombo, karibu na redio, mahali ambapo watoto hatufiki. Ni ile dawa nzito ya rangi ya waridi: tikisa kwanza, kisha paka. Mwaka tulioumwa tetekuwanga nyumba nzima, mimi na wadogo zangu watatu tulishinda ndani na mabaka mwilini kama ukuta ulioachwa na fundi aliyekimbia na hela ya rangi. Wakati huo hakuna aliyeniambia kwamba nimepakwa oksidi za metali. Moja ni ya zinki, nyeupe. Nyingine ni ya chuma, ndugu yake kutu, na hiyo huwekwa kidogo sana. Ndiyo inayoleta ule uwaridi.

Naanzia hapo kwa sababu kila nikisema nilisomea chembe za nano, watu hudhani nilikuwa natengeneza roketi. Nilichofanya kwa karibu mwaka mzima wa shahada ya pili ni kutengeneza ile nyeupe ya kalamaini, ila ndogo zaidi, kwa kutumia majani ya mwarobaini.

Ndogo kiasi gani? Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe zangu zilikuwa na nanomita 24 hivi. Ukichukua gramu moja ya unga huo, ambayo ni ncha ya kijiko tu, ukajumlisha nyuso za chembe zake zote, unapata kama mita za mraba 45. Sebule ya kwetu haifiki hapo. Kemia nyingi hufanyika kwenye uso wa kitu, haifanyiki tumboni mwake, na ukikikata vipandevipande unaongeza uso bila kuongeza kitu chenyewe. Ndiyo maana kitunguu kilichokatwa vidogo huiva haraka kuliko kilichokatwa vinne.

Majani alinitumia mama kutoka Dodoma kwa basi, kiroba kizima, nami nilikuwa nimeomba nusu kilo. Akanipigia simu kuhakikisha nimekipokea, akaongeza: "Nimechuma asubuhi na mapema, mwanangu. Jua likishapanda, dawa inashuka mizizini." Nikamwitikia tu, maana mama habishiwi mambo ya miti. Ila kwenye daftari la maabara niliandika: *yamechumwa asubuhi*. Mstari ule ulikuja kunisaidia kuliko nilivyofikiri.

Kazi yenyewe, ukiitazama, haina tofauti kubwa na kupika. Unaosha majani, unayaanika kivulini mpaka yavunjike mkononi, unayatwanga. Gramu 10 za unga wa majani ndani ya mililita 100 za maji ya betri (ndiyo, haya haya ya gereji, ni maji yasiyo na chumvi, si ile asidi), moto wa nyuzi 70, nusu saa. Unachuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya kuchujia. Unapata maji ya hudhurungi kama chai ya rangi iliyolala, yenye harufu ambayo mtoto yeyote aliyewahi kunyweshwa mwarobaini ataitambua akiwa mlangoni.

Halafu unapima nitrati ya zinki. Mimi nilitumia gramu 5.95, na lazima upime upesi kwa sababu chumvi hii ina uroho wa unyevu: ukizubaa ukachati kidogo, unakuta imeanza kulowa mizanini. Unaimimina kwenye maji ya majani, unaiacha ikorogwe na kipande cha sumaku juu ya jiko la umeme, nyuzi 80, saa kadhaa. Maji yanapungua, yanakuwa uji, uji unakuwa kitu kama lami. Lami hiyo unaikwangua, unaitia kwenye kikombe cha kauri, unaisukumia tanurini nyuzi 400 kwa saa 2.

Ndani ya tanuri mambo hayaendi kwa upole. Lami inavimba kama andazi, inatoa moshi wa kahawia wenye kuwasha pua (ni nitrojeni dayoksaidi, usiuvute), inashika moto kwa ndani, kisha inatulia. Siku ya kwanza nilipofungua mlango moyo ulishuka: kikombeni kulikuwa na unga wa njano, na mimi nilikuwa nasubiri mweupe. Nikasimama pale nikiwaza kiroba cha mama na wiki mbili zilizopotea. Kikombe kilipoendelea kupoa juu ya tofali, njano ikaanza kufifia kuanzia pembeni kuelekea kati, na baada ya dakika chache kilichobaki kilikuwa cheupe.

Waliofanya mtihani wa vitendo wa kemia kidato cha nne washaanza kunicheka. Njano ikiwa moto, nyeupe ikipoa: zinki! Tulikariri wote. Mimi nilikuwa nimekariri na nikapata alama yangu, halafu miaka minane baadaye kitu kile kile kinanitokea mbele ya macho na nakaribia kulia. Oksidi ya zinki ikipata moto mkali hupungukiwa na oksijeni kidogo na namna inavyomeza mwanga hubadilika. Ikipoa hewani inarudi kama ilivyokuwa.

Nikapima: gramu 1.71. Nikafurahi sana, nikamkimbilia msimamizi wangu, Dokta, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Akatazama namba, akachukua kalamu. Gramu 5.95 za nitrati ile, hata ukiwa fundi namna gani, haziwezi kukupa zaidi ya gramu 1.63 za oksidi ya zinki. "Umepata asilimia 105," akasema. "Hongera. Umemshinda Lavoisier." (Ni yule Mfaransa aliyetufundisha kwamba kwenye kemia uzito hauzaliwi hewani.)

Ziada ile ilikuwa majivu. Jani lina potasiamu, lina kalisiamu, na vitu hivyo haviungui. Nilikuwa nimechanganya oksidi ya zinki na jivu la jikoni, nikaita mafanikio. Dawa yake ni kuosha unga kwa maji safi mara tatu nne, jambo ambalo makala nyingi nilizozisoma zilikuwa zimelitaja kwa sentensi moja na mimi nikaliruka.

Lakini Dokta hakuwa amemaliza. Akaniuliza swali ambalo naliandikia makala haya yote:

"Ukichoma nitrati peke yake, bila jani, unapata nini?"

Sikuwa nimejaribu.

Kesho yake nikajaribu. Gramu 5.95, kikombe kile kile, tanuri ile ile, nyuzi 400, saa 2. Njano ikiwa moto, nyeupe ikipoa. Oksidi ya zinki safi kabisa, bila jani hata moja la mama.

Sitaki kuficha kwamba siku hiyo nilienda kulala mapema. Maana kila kitu nilichokuwa nimekiandika kwenye pendekezo la utafiti kilisema jani ndilo *linalotengeneza* chembe. Nilikuwa hata nimenakili maelezo ambayo utayakuta kila mahali: kwamba kemikali za jani huipa ioni ya zinki (yaani zinki yenye chaji, iliyopungukiwa elektroni) elektroni, ikawa metali, kisha metali ikakutana na oksijeni. Sentensi nzuri. Ni ya kweli kabisa kwa fedha na dhahabu, ambazo ioni zake hupokea elektroni kutoka kwenye kemikali za jani zikawa chembe za metali. Kwa zinki haisimami. Katika nitrati zinki ina chaji chanya 2. Katika oksidi ina chaji chanya 2 ile ile. Hakuna aliyempa mwenzake elektroni. Zinki iliingia tanurini na ilivyo ikatoka na ilivyo, ila imebadilisha majirani.

Sasa jani lina kazi gani?

Majibu yalikuja baada ya kusubiri zamu ya mashine ya eksirei, ambayo ilikuwa chuo kingine na kwa miezi miwili niliambiwa "njoo wiki ijayo". Mashine hii humulika unga kwa eksirei na kuchora milima. Kwa oksidi ya zinki milima mitatu ya kwanza husimama karibu na digrii 31.8, 34.4 na 36.3. Mlima mwembamba una maana ya fuwele kubwa, na mpana ni fuwele ndogo. Kuna hesabu inayobeba jina la Scherrer ya kugeuza upana kuwa nanomita. Unga wa jani ulinipa 24. Unga usio na jani ulinipa 44.

Kumbe jani linafanya kazi, ila ni kazi nyingine. Kemikali zake hushikamana na ioni za zinki kwenye maji na kuziweka mbalimbali, kama mwalimu anayewatenganisha watoto wanaopiga kelele. Kisha tanurini nitrati inatoa oksijeni, jani linakuwa kuni, na moshi unaotoka kwa kasi unaifukuza fuwele moja isigandamane na nyingine. Mti wa magonjwa arobaini ulikuwa umefanya kazi ya kamba na kuni.

Dokta alinywa chai yake. "Na sukari?" akauliza.

Sukari ni kuni pia. Nikanunua robo dukani, nikatumia kidogo mahali pa maji ya majani. Nanomita 27.

Nadhani hapo ndipo wengi wangeacha, na nilitamani. Ila nikarudi kwenye ule mstari wa daftari. Mama alikuwa ametuma kiroba cha pili miezi mitano baadaye, wakati wa kiangazi, na safari hii alichuma mjomba, jioni, akitoka kwenye shughuli zake. Unga wake ulikuja na nanomita 33, vipimo vingine vyote vikiwa vile vile. Sijui kama ni msimu, saa ya kuchuma, au ni mti mwingine. Vitu vyote vitatu vilibadilika pamoja, kosa langu. Ila sukari ya dukani ya mwezi Machi na ya Agosti zilinipa jibu moja. Huu ndio mzigo wa jani: ni la bure, liko nyuma ya nyumba, lakini leo si lile la jana. Mtu anayetaka kuuza kitu kwa kilo lazima alitatue hilo kwanza.

Kuna sehemu ambapo jani lina haki yake kamili. Ukitengeneza chembe kwa moto mdogo bila kupitia tanuri, mabaki ya jani hubaki yamekumbatia kila chembe, na kumbatio hilo lina athari: huzuia chembe zisishikane, hubadilisha zinavyogusana na bakteria. Ukishachoma nyuzi 400 hakuna kumbatio tena. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga uliopita tanurini akisema una nguvu za mwarobaini, mwulize nguvu hizo zilijificha wapi moto ulipopita.

Na rangi isikudanganye. Ukimimina chumvi ya chuma kwenye chai ya rangi, inageuka nyeusi papo hapo. Wapo wanaoona weusi huo na kuandika: chembe za nano za chuma zimezaliwa. Mara nyingi ni chuma kilichoshikana na tanini za chai, kitu kile kile ambacho Ulaya kwa karne nyingi walitengenezea wino wa kuandikia, kwa vivimbe vya mti wa mwaloni. Unaweza kuwa umetengeneza wino. Wino si kitu kibaya, lakini uuite wino.

Matumizi sasa, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu na mimi nimelisukuma hadi huku.

Lililonipendeza macho ni la rangi. Nilichukua maji yenye methilini bluu, yale ya bluu ya maabara, nikatia unga kidogo, nikaweka bika kwenye ngazi za nje saa sita mchana. Kufikia saa nane bluu ilikuwa imekwisha, maji meupe kama ya mtungi. (Safari hii nilikuwa nimeshaadibika: bika la pili juani bila unga, bika la tatu lenye unga ndani ya kabati la giza. Lile la juani peke yake lilipauka kidogo tu, la kabatini likapungua kidogo tu.) Sehemu ya mwanga wa jua, ile ya urujuanimno, ina nguvu ya kutosha kumng'oa elektroni mahali pake ndani ya oksidi ya zinki. Elektroni na tundu aliloliacha vinakutana na maji na oksijeni usoni pa chembe, na vinavyozaliwa hapo ni vikali mno, vinaitafuna molekuli ya rangi kipande kwa kipande. Fujishima na Honda, Wajapani wawili, waliandika mwaka 1972 jinsi oksidi ya titani inavyotumia mwanga kuyapasua maji, na tangu hapo watu hawajaacha kuichezea kazi hii.

Nikawaza kina mama wanaotengeneza batiki, na yale maji ya rangi yanayomwagwa mtaroni kila jioni. Nikaenda kumwona mmoja, nikamweleza kwa shauku. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na huo unga utautoaje kwenye maji?" Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye utetezi wa tasnifu. Chembe za nanomita 24 hazitulii chini kama mchanga. Zinaelea na kupita kwenye kitambaa. Ukiziacha zikaenda mtoni, umetoa rangi umeweka zinki. Njia iliyopo ni kuzigandisha juu ya kitu, kigae au kioo, zikae hapo na maji yapite juu yake. Zikigandishwa zinapoteza sehemu ya ule uso tulioutafuta kwa jasho. Bado nalifikiria.

Kazi ile ile ya mwanga unayo kwenye ukuta wa nyumba yako. Pitisha kiganja kwenye rangi nyeupe ya zamani inayopigwa na jua: kinatoka na unga kama chaki. Weupe wa rangi nyingi ni oksidi ya titani, na miaka ya jua imeitumia oksidi hiyo kuitafuna gundi iliyoishikilia. Watengenezaji wazuri huzivika chembe koti jembamba la silika au alumina ili zisiwatafunie bidhaa.

Nalitaja koti hilo kwa sababu ya jirani yetu. Ana binti mwenye ualbino, na aliposikia naweza kutengeneza zinki inayozuia jua, alikuja na kopo la losheni: "Naomba unichanganyie humu." Ni kweli, oksidi ya zinki huzuia urujuanimno, na imo kwenye mafuta mengi ya kuzuia jua. Nikakataa, na haikuwa rahisi kumkatalia. Unga wangu hauna koti, juani unatafuna. Ukiuchanganya kwa kijiko unajikusanya mabonge, na kati ya bonge na bonge ngozi inabaki wazi huku mama anaamini amemkinga mwanawe. Nilimwelekeza kwenye Kilisun, mafuta yanayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, nikamtafutia na mahali pa kuyapata. Kofia pana na mikono mirefu vile vile, na hivyo havihitaji shahada.

Shambani, mahindi yakikosa zinki majani machanga huota michirizi myeupe kandokando ya mshipa wa kati, na watu wengi wanajaribu kunyunyizia oksidi hii. Inaweza kusaidia. Ila salfeti ya zinki inayeyuka kwenye pampu bila shida na ipo madukani. Unga wa jani lazima uishinde kwa bei, na wangu haukaribii.

Kwenye maji nina matumaini zaidi. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio linalounganisha mchanga na malighafi za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Ukikulia kandokando ya Meru, unajua floridi inavyofanya meno kuwa ya kahawia. Na oksidi ya alumini ni moja ya vitu vinavyoweza kuinasa. Hapo ndipo ningepeleka jani langu kama ningeanza upya.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu: barakoa. Mafundi wa kuchomelea wanaijua hii kuliko maprofesa. Ukichomelea bomba la bati, lile lililopakwa zinki, bila upepo, zinki inaungua, unavuta oksidi yake, na usiku unatetemeka kama una malaria huku kipimo kinasema huna. Wanakunywa maziwa, sijaona maziwa yakifika kwenye mapafu, lakini homa yenyewe ni ya kweli, na kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Unga wa nanomita 24 unaruka kwa kupiga chafya tu.

Nilipomaliza masomo nilienda nyumbani na vichupa viwili, kimoja cha mwarobaini wa asubuhi, kingine cha sukari. Mama akavaa miwani, akavishika kimoja kimoja akivielekeza dirishani, akatikisa, akanusa.

"Ipi ya kwangu?" akauliza.

Ilibidi nisome lebo.